Mwanagenzi na Mwanahoja

Mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha Kimarekani huitwa "sophomore", na aghalabu huambiwa kuwa jina lake limeungwa kwa maneno mawili ya Kiyunani: "sophos", mwenye hekima, na "moros", mpumbavu. Yaani mjinga aliyeonja elimu kidogo akajiona mwanachuoni. Tafsiri hii inachekesha, na walimu waipenda. Lakini si asili ya neno.

Asili yake iko Cambridge ya Uingereza. Huko, katika karne ya 16 na ya 17, mwanafunzi hakupimwa kwa karatasi ya mtihani. Alisimama mbele ya walimu na wenziwe, akatetea kauli kwa Kilatini, na mwengine akampinga hoja kwa hoja. Tuseme ni kujibizana kwa malenga, ila pasi na vina. Aliyeingia karibuni alikuwa "freshman", mwanagenzi. Waliokaribia kuhitimu waliitwa "sophister", wadogo kwanza, kisha wakubwa. Nalo "sophomore" lilitokana na "sophume", umbo la kale la "sophism", yaani hoja ya kushindania. Kwa hiyo kijana yule hakuitwa mpumbavu, aliitwa mwanahoja.

Harvard iliasisiwa mwaka 1636, na wengi wa wasomi waliokuwa nyuma yake walikuwa wahitimu wa Cambridge. Hata mji wake ukapewa jina hilo mwaka 1638. Majina ya madaraja yakavuka bahari pamoja nao. Baadaye Wamarekani walilidondosha "sophister", wakabakisha "junior" na "senior", mdogo na mkubwa, bila kusema mdogo wa nini. Trinity College ya Dublin ingali ikilitumia neno zima.

Siku hizi majina haya yanaanza kuondolewa. Yale, iliyoanza kupokea wanawake katika shahada ya kwanza mwaka 1969, iliamua mwaka 2017 kuandika rasmi "mwaka wa kwanza" badala ya "freshman", kwa kuwa neno hilo limebeba mwanamume ndani yake. Sina ubishi na hilo. Mwaka 2021 baraza la wahadhiri la Penn State likapiga kura kuunga mkono kuachwa kwa yote manne. Hapo nasita. "Junior" na "senior" ni vigutu tu, na viende. Lakini "sophomore" ndilo lililohifadhi kumbukumbu kwamba kusoma kulikuwa ni kubishana kwa adabu, nalo linaondoka lingali linasingiziwa upumbavu.