Kimo cha Kusimama

Historia ya nyumba huandikwa zaidi kwa habari za milango na sebule, mahali anapopokelewa mgeni. Mimi nimependa kuitazama kutoka juu, kwenye paa, kwa kuwa huko ndiko walikolazwa wale ambao mgeni hakutakiwa kuwaona.

Mfano ninaoujua ni Paris. Mwaka 1783 amri ya mfalme iliweka mpaka wa kimo cha nyumba kufuatana na upana wa barabara. Hata penye barabara pana, ukuta wa mbele wa nyumba ya mawe ulikuwa na kipimo usichoruhusiwa kuzidi. Kipimo hicho kiliishia kwenye ukingo wa ukuta. Wahenga wetu walisema penye uzia penyeza rupia. Wenye nyumba wa Paris walipenyeza paa. Walijenga paa la miteremko miwili, wa chini karibu wima, wa juu umelala. Paa hilo lina jina la François Mansart, msanifu aliyefariki mwaka 1666, ingawa Pierre Lescot alikwisha kulitumia katika jumba la Louvre miaka mingi kabla yake. Ndani ya paa ikapatikana ghorofa nzima.

Lakini ghorofa ya namna hiyo ni giza, na dari yake humshukia mtu kichwani. Ndipo fundi alipohitajika kutoboa mteremko na kusimamisha dirisha lenye kijipaa chake. Waingereza huliita kwa jina lililotoka katika Kifaransa cha kale, maana yake mahali pa kulala.

Kazi yenyewe ina funzo. Fundi hukata mbao mbili tatu za mshazari zinazobeba paa. Mbao iliyokatwa haibebi tena, lakini mzigo wake haupotei. Kwa hiyo hukingamisha mbao nene juu ya tundu na nyingine chini yake, zipokee ncha zilizokatwa. Kisha zile mbao za kushoto na kulia huziongezea unene, kwani sasa zinabeba na mzigo wa wenzao. Baadaye hujenga kuta ndogo za pembeni na kijipaa. Ndani, dari iliyokuwa ikishuka huinuka, na aliyekuwa akiinama hunyooka.

Aliyenyooka alikuwa mtumishi. Katika karne ya 19, kabla lifti hazijaenea, tajiri alikaa karibu na barabara, na mpishi na yaya wakapanda ngazi ya nyuma hadi chini ya paa. Nilipokuwa nikisoma Paris nilipanga chumba kimoja cha aina hiyo. Penye dirisha tu ndipo nilipoweza kuvaa shati nikiwa wima. Meza yangu niliiweka hapo.

Nilifikiri sana juu ya Mji Mkongwe wa Unguja. Huko vyumba vya majumba ya mawe ni vyembamba, kwa kawaida kama meta 3, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi. Tajiri naye alibanwa na mti uleule. Paris aliyebanwa alichaguliwa.

Sheria ilichelewa kukitazama kichwa cha mpangaji. Mwaka 1997 Ufaransa iliamua kwamba katika kuuza nyumba ya ghorofa, sakafu iliyo chini ya dari isiyofikia meta 1.80 isihesabiwe. Mwaka 2002 ikaagiza kwamba makao ya kupangisha yawe na chumba cha meta za mraba 9 chenye kimo cha meta 2.20, au nafasi ya meta za ujazo 20. Agosti 2003 likaja joto lililoua watu wapatao 15,000 nchini humo, wengi wao wazee, na waliolala chini ya paa walikuwa katika hatari zaidi. Dirisha lilikuwa limewapa mwanga na kimo, halikuwapa kivuli.

Basi, ndugu msomaji, ukiona picha ya mapaa yale mazuri ya kijivu, hesabu madirisha yake. Kila moja ni mahali ambapo mtu aliweza kusimama, na pembeni yake kulikuwa na mahali alipolazimika kuinama.