Umehamia Meru na leseni ya urubani mfukoni: namna ya kuendelea kuruka bila kufilisika

Kijana mmoja wa Malindi alinipigia simu mwezi uliopita. Amepata leseni ya urubani wa binafsi baada ya miaka ya kuweka akiba, na sasa amepata kazi Meru. Akaniuliza: "Ami, huko bara nitaruka na nini? Au niifungie kabatini?" Nikacheka, maana swali hilo ndilo nililokuja nalo mimi nilipohamia hapa Kinoru, na leseni yangu nusura inifie mkononi. Wenzetu wengi wa Pwani wanahama kufuata kazi, kwa hiyo nayaandika hapa yale niliyomjibu, pamoja na yale niliyojifunza kwa kupoteza pesa.

Kwanza tujue kinachoharibika ni nini. Kiwango cha kimataifa cha leseni ya binafsi ni umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka, na ukishazipata hakuna wa kukunyang'anya kwa sababu umehama mji. Yanayokufa kimya kimya ni mawili. Moja ni cheti cha daktari: kijana chini ya miaka 40 hupewa cha miezi 60, lakini sisi tuliovuka arubaini ni miezi 24 tu. La pili ni mazoea. Huwezi kumpakia abiria kama katika siku 90 zilizopita hukuruka na kutua mara tatu. Mtu aliyehama husema "ngoja nitulie kwanza", na kabla hajatulia miezi mitatu imekwisha. Kisha inambidi alipe mwalimu ili arudishwe pale alipokuwa.

Sasa ndege ziko wapi? Hapa ndipo wengi tunapokosea. Nilipofika nilifurahi kusikia kuna uwanja wa Isiolo, mteremko tu kutoka Meru, mpakani mwa kaunti hizi mbili, na lami yake ya kama kilomita 1.4. (Wakulima wa miraa nao walifurahi, wakidhani mzigo wao utapakiwa pale moja kwa moja. Mpaka leo magari ya miraa yanakimbia usiku kwenda Nairobi.) Lakini uwanja kuwa karibu si ndege kuwa karibu. Ndege za mafunzo na za kukodi kwa saa ziko kwa wingi Wilson, Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Nanyuki ni karibu zaidi, ila huko biashara kubwa ni kubeba watalii, na rubani wa binafsi anayetaka saa moja ya kujifurahisha itabidi aulize sana.

Kwa hiyo bei ya saa iliyobandikwa ukutani si bei yako. Jumlisha nauli ya matatu kwenda na kurudi, malazi ya usiku mmoja, na siku ya kazi uliyopoteza. Mimi nilipofanya hesabu hiyo niliona ni upuuzi kwenda Wilson kuruka dakika arubaini. Bora uende mara chache, uruke saa mbili au tatu kwa safari moja, ilimradi zile siku 90 zisikupite.

Ukifika, uliza maswali kabla ya kutoa pesa. Bei hiyo ni pamoja na mafuta au ni kavu? Cessna 150 ya viti viwili hunywa kama lita 22 kwa saa, na Cessna 172 ya viti vinne hupita lita 30. Kama uko peke yako, viti viwili vya ziada unavilipia vya nini? Kisha uliza saa zinahesabiwa kwa mita gani. Mita ya Hobbs kwa kawaida hutembea muda wote injini inapowaka. Takomita hufuata mzunguko wa injini, kwa hiyo ukiwa umesimama foleni injini ikizunguka polepole, nayo hutembea polepole. Wilson kuna msongamano, na unaweza kukaa robo saa nyuma ya ndege za watalii. Kwa Hobbs, robo saa hiyo umeilipia kama uliyoruka.

Nami nikaingia mtego mwingine. Mahali fulani waliniahidi bei nafuu nikinunua saa kumi kwa mkupuo. Nikalipa. Nikaruka saa tatu, ndege ikaingia karakana, vipuri vikasubiriwa, na simu zangu zikaanza kutojibiwa. Zile saa saba sikuziona tena, na nyumbani nilinyamaza siku kadhaa kabla ya kumwambia mama watoto, kwa sababu pesa ile tulikuwa tumepanga iwe ya karo. Tangu siku hiyo nalipa saa ninayoruka, hata kama ni ghali kidogo. Pia naomba nionyeshwe cheti cha ubora wa ndege, tarehe ya ukaguzi wa mwisho, na bima inayomtaja mkodishaji, si mwenye ndege peke yake.

Kuna pesa moja ambayo sikushauri kuibana hata kidogo: saa ya kwanza na mwalimu wa huku. Sisi tumejifunza kuruka usawa wa bahari, hewa nzito, lami ndefu. Wilson iko futi 5,500 na mji wa Meru kama futi 5,000. Kwenye futi 5,000 joto la kawaida la vitabuni ni nyuzi 5 tu. Siku ya nyuzi 25, ambayo kwa mtu wa Malindi ni baridi ya kuvaa sweta, ndege hujiona iko futi 7,400. Injini imepoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya nguvu zake, mabawa yanashika hewa nyepesi, na lami inaliwa mbele ya macho yako. Pwani tulizoea kusukuma ile nobu nyekundu ya mchanganyiko mpaka mwisho. Ukifanya hivyo huku, injini inapewa mafuta mengi kuliko hewa na inakohoa pale unapoihitaji zaidi. Na wakati wa kutua, kipimo cha kasi kinasoma vilevile lakini ardhi inakuja mbio zaidi. Mara ya kwanza nilidhani kipimo kimeharibika.

Juu ya hayo kuna Mlima Kenya wenyewe, mita 5,199, na mawingu yanayoukumbatia mchana unavyokaribia. Asubuhi mapema ndiyo saa ya kuruka huku.

Njia ya nafuu kweli ni kushirikiana. Vilabu viliwekwa kwa ajili hiyo. Aero Club of East Africa pale Wilson ipo tangu 1927, na faida kubwa ya klabu yoyote ni kukutana na mtu mwenye kiti kitupu. Mwenzako akiruka, kaa kando yake, soma ramani, shika redio. Saa hizo huziandiki kwenye kitabu chako, lakini masikio na macho hayalali. Watu wanne wakinunua ndege ndogo, bima na maegesho hugawanyika kwa nne. Ila kama huruki saa 50 kwa mwaka, kodi tu. Na mkishirikiana, andikeni: nani analipa injini ikifa, na mmoja akitaka kutoka anauza vipi. Undugu usiwe mkataba.

Ukipata ndege nyepesi yenye injini ya Rotax 912, hiyo hunywa lita 15 hadi 18 kwa saa, tena petroli ya gari inafaa. Kwa tulio mbali na mafuta ya ndege, hilo si dogo.

Jambo la mwisho nililomwambia kijana: asijaribu kufidia gharama kwa kubeba watu kwa nauli. Leseni ya binafsi hairuhusu, na ajali ikitokea bima inaweza kukataa.

Mimi sasa naondoka Kinoru Ijumaa baada ya swala, nalala kwa shemeji Eastleigh, na Jumamosi baada ya alfajiri niko uwanjani. Saa mbili za kuruka na mwenzangu, moja yake, moja yangu. Jioni niko Makutano nashuka matatu. Kijana wa Malindi nimemwambia aje kiti cha pili mwezi ujao, aje na sweta.