Kitovu cha Kanieneo: Istilahi ya Mjenzi wa Roketi

Shika mshale. Mbele una chembe cha chuma, nyuma una manyoya. Mhunzi wake hakusomea fizikia, lakini alijua kuwa uzito ukae mbele na upepo ushike nyuma. Roketi ya kujengwa kwa mikono hufuata kanuni hiyohiyo, nayo husimama juu ya istilahi mbili: kitovu cha uzito na kitovu cha kanieneo.

Ya kwanza haina taabu. Mjenzi hukata mapezi ya plaiwudi, huyagandisha kwenye bomba kwa epoksi, hukunja parachuti ndani, hutia mota, kisha huining'iniza roketi kwa kamba moja. Inapotulia bila kuinama upande wowote, hapo kamba ilipo hutiwa alama ya penseli. Ndicho kitovu cha uzito. Mota isisahauliwe: iko mkiani, na uzito wake hukivuta kitovu nyuma.

Ya pili haipatikani kwa kamba. Roketi ikiinama kidogo angani, hewa huisukuma ubavuni, kuanzia puani hadi mapezini. Kusanya kani zote hizo ziwe moja. Pale inapoelemea ndipo penye kitovu cha kanieneo. Mwaka 1966 James Barrowman, mhandisi wa NASA, aliwaonyesha wapenzi wa roketi ndogo namna ya kukipata kwa kalamu na karatasi, kutokana na vipimo vya pua, bomba na mapezi.

Kwa nini kanieneo? Neno presha limekwishachukuliwa na ugonjwa. Ukisema mtu ana presha, hakuna anayefikiria hewa. Shinikizo nalo lina kazi nyingi, tangu hospitalini hadi kwenye siasa. Kanieneo limeungwa na kani na eneo, na ndiyo maana yake kamili: kani iliyogawanywa kwa eneo inalolikandamiza. Halihitaji kufafanuliwa mara mbili.

Kanuni sasa inasemeka kwa sentensi moja: kitovu cha uzito kitangulie kitovu cha kanieneo kwa angalau kipenyo kimoja cha bomba. Bomba likiwa na kipenyo cha sentimita 10, alama hizo mbili ziachane sentimita 10 au zaidi. Hapo kila roketi inapoyumba, hewa huurudisha mkia mahali pake. Vitovu vikibadilishana nafasi, hewa hiyohiyo huzidisha mwinamo, na roketi hupinduka ovyo huku mota ikiwaka, hatari kwa kila aliye uwanjani. Umbali kati ya vitovu ukizidi mno nao una lake: roketi huelekea upepo unakotoka badala ya kupanda wima.

Hapa ndipo ninapolipendea neno kanieneo. Mwanafunzi aliyekuta alama zake zimekaribiana mno anaweza kuongeza uzito puani. Lakini akilisoma jina la kitovu cha pili kwa makini, atakuta dawa nyingine imo ndani yake: eneo. Atachukua msumeno na kukata mapezi mapana zaidi, na kitovu cha kanieneo kitarudi nyuma.