Infirmier anayetaka kuwa daktari: njia ipo, lakini ni ndefu

Hapa Bulengera, mtu akivaa blouse nyeupe tayari ni "dokta". Wagonjwa hawaulizi kama amesoma A2, A1 ao médecine. Mbele ya sheria lakini hizo ni kazi mbalimbali. A2 alisoma uuguzi kwenye sekondari na kupata diploma ya Serikali. A1 aliongeza miaka 3 kwenye ISTM. Daktari yeye alipita université, miaka 6 ao 7, kisha akaandikwa kwenye Ordre des médecins. Bila hiyo hana ruhusa ya kutibu kama daktari.

Kinachouma ni hiki: infirmier aliyezalisha wamama miaka 15, akitaka kuwa daktari, kwa kawaida anaanzia mwaka wa kwanza, kwenye banki moja na vijana waliotoka juzi tu sekondari. Miaka yake ya maternité haihesabiwi.

Kuna wakati ilihesabiwa. Chini ya Wabelgiji, Mkongomani hakufundishwa udaktari kwa muda mrefu. Cheo cha juu kilikuwa assistant médical, na shule yao ilifunguliwa Léopoldville mwaka wa 1936. Walitibu, lakini chini ya daktari mzungu, na digrii hawakupewa. Université ya Lovanium ilianza mwaka wa 1954, kwa hiyo siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, hakuna Mkongomani aliyekuwa amemaliza médecine hapa inchini. Wiki chache baadaye madaktari wengi wa Kibelgiji wakakimbia, hospitali zikabaki tupu.

OMS ilituma madaktari wa kuziba pengo, na ikatoa bourse kwa hao assistants médicaux. Zaidi ya 100 walienda Ufaransa. Hawakurudishwa sifuri: yale waliyoyajua tayari yalikubaliwa, wakamalizia yaliyobaki, na baada ya miaka michache wakarudi wakiwa madaktari kamili. Watu wazima, waliokuwa kazini tangu zamani. Mlango ulifunguliwa kwa sababu inchi ilikuwa na shida. Kumbe uliweza kufunguliwa.

Wengine walipotelea njiani kwanza. Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka wa 1955, alikuwa akimfuata baba yake, mchungaji, kuombea wagonjwa. Baba aliomba, lakini dawa hakuwa nayo. Pale mtoto akasema yeye atakuwa munganga. Pamoja na hayo, alipomaliza sekondari mwaka wa 1974 alijikuta Kinshasa, polytechnique, masomo ya ingénieur. Miaka 2 ikapita hivyo. Aliacha, akavuka kwenda Burundi kusoma médecine, akamaliza mwaka wa 1983. Alitaka kutunza watoto, lakini kwenye hospitali ya Lemera aliona wamama wakifa kwa kuzaa, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Hospitali ya Panzi ilikuja mwaka wa 1999, Nobel mwaka wa 2018. Na mwaka wa 2015, akiwa na miaka 60, alitetea thèse yake kule Brussels.

Kwa watu wa Butembo, kilichobadilika zaidi ni Université Catholique du Graben, iliyoanzishwa mwaka wa 1989. Mbele ya hapo, kusoma médecine kulimaanisha Kisangani, Kinshasa ao Lubumbashi. Sasa mtu anaweza kusoma akilala kwao, na hiyo peke yake inapunguza mzigo karibu kama minerval.

Infirmier anayewaza njia hii afike kwanza faculté na diploma yake mkononi, aulize kama kuna kozi watakayomsamehe, na apewe jibu kwa maandishi. Kisha ahesabu miaka ya mwisho kabla ya ile ya kwanza. Mwanzoni anaweza kushika garde za usiku na kulipa masomo. Wakati wa stage haiwezekani tena: mchana yuko hospitali, usiku yuko hospitali, na mshahara hakuna. Njo pale bibi, bwana ao wazazi sherti wawe wamekubali tangu mwanzo.