Wasikilizaji Wasioandikwa: Maoni ya Wanafunzi katika Historia ya Mihadhara ya Feynman, 1961–1963

Historia ya vitabu vya kufundishia huandikwa mara nyingi kana kwamba ni historia ya waandishi wao tu. Huelezwa aliyekitunga kitabu, mwaka kilipopigwa chapa, na sifa kilizozipata kwa wataalamu; ama mwanafunzi, ambaye kitabu kilitungwa kwa ajili yake, hutajwa kwa idadi tu. Mihadhara ya fizikia ya Richard Feynman ni mfano ufaao kuchunguzwa, kwa kuwa swali la jinsi wanafunzi walivyoipokea limebishaniwa tangu mwaka wa 1963, na wabishanaji karibu wote si wanafunzi.

Chanzo cha mihadhara hiyo kilikuwa ni malalamiko. Katika Taasisi ya Teknolojia ya California (Caltech), mjini Pasadena, Marekani, ilionekana kwamba vijana waliotoka shule za sekondari wakiwa na shauku kubwa ya kujua nadharia za Einstein na nadharia ya kwanta walikuwa wakivunjika moyo. Kwa miaka miwili walisomeshwa mbao zilizoinama, umeme tuli na mambo mengine ya kale, na mapya waliyoyatamani hawakuyaona. Hivyo basi, kwa msaada wa fedha wa Ford Foundation, somo zima lilipangwa upya, na Feynman akaombwa alifundishe. Alihadhiri tangu mwaka wa 1961 hadi 1963. Wanafunzi wapatao 180 walikusanyika ukumbini mara mbili kwa juma, kisha wakagawanyika katika vikundi vya watu 15 hadi 20 chini ya wasaidizi wa kufundisha. Wote walikuwa wanaume, maana Caltech haikuwapokea wanawake katika masomo ya shahada ya kwanza hadi mwaka wa 1970.

Yafaa ikumbukwe kwamba kitabu hiki hakikuandikwa, kilisemwa. Maneno ya mhadhiri yalinaswa kwa kinasa sauti, michoro ya ubaoni ikapigwa picha, kisha Robert Leighton na Matthew Sands wakayageuza mazungumzo kuwa maandishi. Majuzuu matatu yalitoka kati ya mwaka wa 1963 na 1965, yakiwa na sura 115 kwa jumla. Katika ugeuzaji huo sauti ya msemaji ilihifadhiwa kwa uangalifu mkubwa. Sauti ya wasikilizaji haikuhifadhiwa.

Mtu wa kwanza kuuona upungufu huo alikuwa Feynman mwenyewe. Katika dibaji yake ya mwaka wa 1963 alieleza kwamba tatizo moja kubwa lilikuwa ni kukosa habari kutoka kwa wanafunzi za kumjulisha jinsi mihadhara ilivyowaingia. Alichokuwa nacho ni majibu ya mitihani, na kwa kuyatazama aliamua kwamba jaribio lake halikufaulu. Lakini katika dibaji hiyohiyo alikiri kwamba wengi wa wale waliofanya kazi na wanafunzi hawakukubaliana naye, na kwamba walikuwako vijana kama dazani moja au mbili walioelewa karibu kila kitu. Hapa tayari pana ushahidi wa namna mbili: karatasi za mitihani kwa upande mmoja, na maneno ya wasaidizi waliokaa na wanafunzi kwa upande wa pili.

Mwaka wa 1989, baada ya kifo cha Feynman, toleo la ukumbusho lilipata dibaji mpya ya David Goodstein na Gerry Neugebauer. Humo ilisemwa kwamba wanafunzi wengi waliliogopa somo, wakapungua ukumbini, na nafasi zao zikajazwa na wahadhiri pamoja na wanafunzi wa shahada za juu; hata Feynman, akiona ukumbi umejaa, pengine hakutambua kwamba aliowakusudia wanamtoroka. Masimulizi haya yalienea sana, kwa kuwa yana utamu wa hadithi: mwalimu mkuu asiyeeleweka ila na wakuu wenziwe. Hata hivyo, Sands, aliyekuwa miongoni mwa waandaaji wa somo lenyewe, aliyapinga katika kumbukumbu zake za mwaka wa 2005, akiuliza dai hilo lilitegemea ushahidi gani. Na ni kweli kwamba Goodstein alifika Caltech mwaka wa 1966, mihadhara ikiwa imekwisha. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Haifai, lakini, kuhitimisha kwamba Sands ana haki katika yote. Mwandaaji naye huipenda kazi yake. Lililo muhimu zaidi ni kwamba pande zote huchanganya hadhira mbili. Aliyesikiliza mwaka wa 1961 alikuwa na kikundi chake, maabara yake ya kila juma, na msaidizi wa kumwuliza. Aliyenunua kitabu baadaye, popote duniani, hakuwa na lolote katika hayo, wala mazoezi hayakuwamo mwishoni mwa sura. Kitabu kikisemwa ni kigumu kwa anayeanza, hukumu hiyo ni ya msomaji. Haifai kubebeshwa msikilizaji.

Ushahidi wa jambo hili umo katika kilichoachwa nje. Katika mwaka wa kwanza Feynman alitoa mihadhara mitatu ya kufundisha namna ya kutatua maswali. Humo aliwafariji vijana waliozoea kuwa wa kwanza shuleni kwao, ambao sasa, kwa hesabu tu, nusu yao walikuwa lazima waangukie chini ya wastani. Mihadhara hiyo haikutiwa katika majuzuu. Ilipigwa chapa mwaka wa 2006. Basi kwa zaidi ya miaka arobaini wasomaji walimhukumu mwalimu kuwa hakuwajali wanyonge, ilhali maneno aliyowaambia wanyonge yaliondolewa na uhariri.

Kwa wataalamu wa lugha za Kiafrika, jambo hili si geni. Mtambaji asemapo "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!", hadithi ni mali ya pande mbili, lakini mkusanyaji akiiandika, mara nyingi hubaki na maneno ya mtambaji peke yake, kisha wahakiki wakabishana jinsi wasikilizaji walivyoipokea. Mihadhara ya Pasadena iliandikwa kwa mtindo huohuo, ijapokuwa vyombo vya kunasia vilikuwapo. Ubishi uliofuata haukutokana na ugumu wa fizikia. Ulitokana na ukweli kwamba ukumbini mlikuwa na watu 180, na aliyeandikwa ni mmoja.