Nyimbo, hadithi na michezo katika kufundisha Kiingereza

Kufundisha Kiingereza kwa nyimbo, hadithi na michezo ni njia ya kumwingiza mtoto katika lugha ya kigeni kupitia mambo anayoyapenda, kabla ya kumpa kanuni za sarufi. Hutumika zaidi katika elimu ya awali na madarasa ya chini ya shule ya msingi. Tanzania suala hili limepata uzito mpya baada ya mtaala wa 2023 kurudisha somo la Kiingereza darasa la kwanza. Kabla ya hapo somo lilianzia darasa la tatu, miaka miwili ya mwanzo ikiachiwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu.

Faida kubwa ya wimbo iko kwenye mapigo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu. Kiingereza hukaza silabi chache na kuzimeza nyingine, tena hurundika konsonanti. Ndiyo maana mtoto husema “miliki” akikusudia “milk”. Anapoimba, irabu hiyo ya ziada humchelewesha, wenzake wakamwacha nyuma, naye hujirekebisha bila kukaripiwa. Lakini wimbo haufundishi maana wenyewe. Darasa zima laweza kuimba “Head, Shoulders, Knees and Toes” bila kukosea, kila mtoto akishika kiungo alichoshika jirani yake. Mwalimu akitaka kujua nani ameelewa, avuruge mpangilio: aanze na magoti, arudi kichwani. Bila kipimo hicho, kuimba ni kukariri kulikopambwa.

Upande wa michezo, jina linalotajwa sana ni la mwanasaikolojia Mmarekani James Asher, ambaye tangu miaka ya 1960 alitetea ufundishaji wa lugha kwa amri na vitendo: mwanafunzi husikia, hutenda, na huachwa akae kimya mpaka awe tayari kusema. Watoto wa Afrika Mashariki wana mchezo unaofuata mantiki hiyo hiyo, nyama-nyama. Kiongozi hutaja wanyama mmoja baada ya mwingine. Wanaoliwa, watoto huruka. Asiyeliwa, hutulia, na anayeruka ametoka. Majina yakitajwa kwa Kiingereza, mchezo unakuwa somo kamili la msamiati. Hauhitaji kadi wala picha, huchezwa uwanjani hata na watoto themanini, na asiyejua neno hujulikana papo hapo, ilimradi kiongozi awaangalie wale wanaosubiri kuona jirani ameruka au la. Akitajwa nguruwe, mabishano hayakosi, na hayo hufanyika kwa Kiswahili. Hakuna ubaya.

Hadithi zinazofaa ni zile zinazorudia muundo mmoja wa sentensi hadi mtoto aweze kuutabiri. Kitabu cha Eric Carle cha 1969, The Very Hungry Caterpillar, hutumiwa katika nchi nyingi kwa sababu kiwavi wake hupitia siku za wiki, hesabu za kwanza na matunda katika kisa kimoja kifupi. Baadhi ya matunda hayo ni mageni kwa mtoto wa Tanga au Kisumu, na msimulizi hodari huweka embe na papai mahali pake. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, hutoa bure hadithi za Kiafrika katika lugha nyingi, zikiwemo Kiswahili na Kiingereza. Mtoto akiwa ameshaipata hadithi kwa Kiswahili, akili yake yote hubaki kwa Kiingereza, haihangaiki kutafuta sungura kaenda wapi.

Kenya ilijaribu njia hii kwa redio kati ya 1980 na 1985, kwa madarasa matatu ya kwanza. Vipindi viliachia nafasi za kimya ili watoto wajibu, waimbe au watende, na hivyo mwalimu asiye na uhakika na matamshi yake alipata msaidizi.

Kikwazo kikubwa zaidi ni mtihani. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne nchini Tanzania ni wa maandishi, na kadiri unavyokaribia, vipindi vya michezo hugeuzwa kuwa vya kunakili ubaoni, hasa pale ambapo mwalimu mkuu akisikia kelele darasani hudhani hakuna kinachofundishwa.