Ardhi Ilitangulia, Kitabu Kikafuata

Ramani ya Tanzania iliyotundikwa darasani kwangu ilionyesha Geita ndani ya Mkoa wa Mwanza na Bukombe ndani ya Shinyanga. Mwaka 2012 ukaanzishwa Mkoa wa Geita, Bukombe ikahamia huko. Upande wa pili Bariadi, Maswa na Meatu zikaingia mkoa mpya wa Simiyu. Kahama yetu, iliyobaki Shinyanga, nayo ikagawanywa, Ushetu na Msalala zikapata halmashauri zao. Ramani mpya haikuja. Watoto wa darasa la tano walipanda juu ya dawati, wakachora mipaka mipya kwa peni, na masomo yakaendelea.

Nimefundisha jiografia Kahama mpaka nikastaafu hapa Nyasubi, nami nasema hivi: huku kwetu mwalimu hakuwatoa watoto nje kwa kufuata mtindo mpya wa kufundisha. Aliwatoa kwa sababu ardhi ilibadilika upesi kuliko vitabu.

Mabadiliko hayo hayakuanza jana. Miaka ya 1920 na 1930 Waingereza, chini ya Charles Swynnerton, waliwahimiza watu wa Shinyanga kufyeka mapori ili mbung'o wakose mahali pa kukaa. Ng'ombe wakaongezeka, pamba ikapanuka, kuni zikaendelea kukatwa. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa tupu.

Katikati ya hapo, Machi 1967, ikaja Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, na shule zikatakiwa kuwa na mashamba. Wengi wa rika langu wanakumbuka jembe na jua. Mimi nakumbuka makopo. Mwalimu mzee aliyenipokea kazini aliwapa watoto makopo matupu ya maziwa, wakashuka kutoka mwinukoni hadi bondeni wakichota udongo kila rangi ilipobadilika. Juu walipata luseni, mchanga wa karanga na viazi. Chini yake itogolo, gumu hata jembe linaruka. Bondeni kabisa mbuga, udongo mweusi wa mpunga. Kisha kila mtoto akalowesha udongo wake na kuuviringisha. Luseni ikamomonyoka kiganjani. Mbuga ikawa kamba nyembamba, kamba ikakunjwa ikawa pete. Mtoto mwenye pete ya mbuga kidoleni hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini magari hunasa bondeni wakati wa mvua. Mfuatano kama huo wa udongo ndio Geoffrey Milne, mtaalamu aliyefanya kazi Amani, Tanga, aliupa jina la katena mwaka 1935. Wakulima wa Usukuma walikuwa wakilima kwa kuufuata kabla yake.

Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, somo likapata sura nyingine. Ngitili ilikuwa mila ya wazee: eneo la malisho linafungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi. HASHI ilijenga juu ya mila hiyo, na miti ikaanza kurudi. Tulizungushia kamba mita moja ya mraba ndani ya ngitili na nyingine nje, watoto wakahesabu mimea, mzee mwenye eneo akawatajia majina kwa Kisukuma. Kitabu chetu bado kiliitaja Shinyanga kwa ukame tu.

Kufikia mwaka 2009 Mgodi wa Buzwagi ulikuwa unazalisha dhahabu jirani na mji, na maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yamefika kutoka Ihelele, Misungwi. Kila mtu alitaka kuwapeleka watoto kuona shimo. Mimi nilichagua bomba. Tulichora ziwa uwanjani kwa majivu. Mtoto mmoja akawa Ihelele, mwingine akapanda kitini kuwa kilima cha Mabale, wengine wakawa Shinyanga na Kahama, kamba ikawaunganisha. Swali likaja lenyewe: ziwa liko chini kuliko sisi, maji yanapandaje? Pampu inayasukuma hadi kilimani, kisha yanateremka. Darasa la saba wakauliza zaidi: tusingeyachukua yangekwenda wapi? Jinja, Khartoum, Cairo. Ndipo nikawaeleza mkataba wa 1929, uliotaka Misri ikubali kabla ya maji ya Naili kuguswa huku kwetu, na jinsi Tanganyika huru ilivyokataa mwaka 1962 kufungwa na mikataba ya mkoloni.

Buzwagi iliacha kuzalisha mwaka 2021. Bomba bado linatoa maji.

Mtaala wa 2023 umeleta somo la Jiografia na Mazingira, baada ya jiografia kukaa miaka kadhaa ndani ya Maarifa ya Jamii. Walimu vijana huniuliza basi la ziara litatoka wapi, na wazazi wamechoka michango. Nawajibu kwamba basi si sharti. Omba ruhusa kwa mkuu wa shule, mtaarifu mtendaji wa mtaa, chukua kamba na daftari, na umtafute mwalimu wa pili atembee nyuma ya mstari, maana watoto ni wengi na bodaboda hazisubiri. Nendeni barabara kuu. Lori lenye namba inayoanza na R ni la Rwanda, njia yake ni Rusumo. Watoto waulize limebeba nini, mchele wa Kahama unauzwa wapi na bei anapanga nani. Majibu yatabadilika mwakani, na darasa litakalofuata litakuwa na sababu yake ya kutoka nje.